Usiongeze nguvu za farasi kabla ya kulinda oili

Kama una Subaru ya turbo, au bado unaiota usiku, na umeanza kupiga hesabu ya kuipeleka kiwanja cha mbio cha Whistling Morans kule Athi River, nina ombi moja kwako. Pesa ya kwanza usiipeleke kwa eksozi. Usiipeleke kwa rimu, wala kwa spoila, wala kwa ile programu ya kuongeza nguvu ambayo msee fulani amekuahidi kukuwekea kwa laptopu ndani ya nusu saa. Pesa ya kwanza peleka kwa oili.

Najua si habari tamu. Oili haina sifa mtaani. Hakuna mtu amewahi kuita mabeshte zake waje kando ya Enterprise Road waone sampu mpya. Eksozi inasikika hadi Imara Daima; sampu imejificha chini ya injini na haimtambulishi mtu. Lakini kati ya hivyo viwili, kimoja kikikosekana gari linakuwa kimya tu. Kingine kikikosa kazi kwa sekunde mbili, unarudi nyumbani kwa breakdown.

Naandika haya kutoka Mukuru kwa Reuben, ambapo kutoka mlango wa ploti hadi gereji za Industrial Area ni mwendo wa miguu. Mimi si injinia. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, na karibu kila ninachojua kuhusu injini nimefunzwa na wasee wenye mikono myeusi na subira nyingi. Hawa ndio wanaofungua injini zenu zikifa. Na hawa ndio mnaowalaumu. Kwa hiyo hii si stori ya magari pekee.

Tuanze na mapenzi yenyewe

Hii Subaru hatukuipenda kwa matangazo. Tuliipenda kwa Safari Rally. Mwaka 1993 Patrick Njiru alipeleka kile kigari kidogo cha Subaru Vivio hadi mwisho wa Safari, na mwaka uliofuata akamaliza nafasi ya nne akiwa na Impreza, Mkenya akiwa katikati ya vigogo wa dunia. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda kwa Impreza. Baada ya 2002 Safari ikaondolewa kwenye ratiba ya dunia, ikarudi 2021 kule Naivasha, na kizazi chetu ambacho kilikuwa kinasikia hadithi za wazazi tu kikapata yake ya kujionea.

Lakini kuna jambo ambalo rangi ya bluu na rimu za dhahabu zinatuficha. Gari la McRae na lile lililoegeshwa nyuma ya ploti yenu zinafanana sura, hazifanani tumbo. Timu ya kiwanda ilikuwa na mafundi wanaofungua gari kila jioni, vipimo vya kila kitu na injini za akiba. Gari lako lilitengenezewa barabara ya kawaida. Likaendeshwa Japani na mtu usiyemjua, likapakiwa meli hadi Mombasa, likapita mikono miwili au mitatu hapa Nairobi, ndipo likakufikia. Hujui lilikosa servisi mara ngapi. Sasa unataka kulipeleka kwenye kona kali, kwa spidi, raundi kumi mfululizo, na bado lina sampu ileile, mrija uleule wa kunyonya oili, na oili uliyonunua kwa kuangalia bei pekee.

Kinachotokea ndani ya injini ukikata kona

Ebu tufungue injini kwa maneno. Oili inakaa chini, kwenye sampu. Kuna mrija umezama humo, na pampu inanyonya oili kupitia huo mrija, inaipitisha kwenye filta, halafu inaisukuma hadi kwenye beringi za kranki na konrodi, hadi kwenye vichwa vya injini, hadi kwenye turbo. Ikimaliza kazi inadondoka yenyewe kurudi chini. Mzunguko ni huo, siku zote.

Kazi ya ile oili si kulainisha pekee. Kranki likizunguka halikai juu ya chuma cha beringi. Linaelea juu ya utando wa oili, katika nafasi ndogo kuliko unene wa unywele wako. Mradi utando upo, chuma hakigusi chuma. Utando ukikatika, chuma kinakula chuma.

Sasa hesabu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 100 kila sekunde. Pampu ikinyonya hewa badala ya oili kwa sekunde mbili tu, kranki limezunguka mara 200 bila ulinzi wa kutosha. Huo ni muda wa kona moja. Hutasikia chochote siku hiyo. Utaendelea, utapiga picha, utaweka video. Wiki mbili baadaye, ukiwa umekwama kwenye foleni ya Mombasa Road, utasikia mlio kama wa mtu anayegonga sufuria na kijiko ndani ya injini. Hapo beringi ya konrodi imeisha. Mtaani tunasema imenoki.

Kwa nini pampu inyonye hewa wakati oili iko tele? Chukua beseni la maji, lizungushe haraka uone maji yanavyopanda upande mmoja. Kwenye barabara ya kawaida kona huwa laini, oili inasogea kidogo tu. Kwenye kiwanja cha mbio, ukiwa na tairi nzuri zinazoshika lami, nguvu inayokusukuma pembeni inaweza kufikia uzito wa gari lenyewe. Ikifika hapo, uso wa oili ndani ya sampu hulala mshazari wa digrii 45. Yote imekimbilia ukutani. Mrija umebaki ukinyonya upepo.

Na Subaru ina tabia yake zaidi. Injini yake imelala. Pistoni ziko kushoto na kulia, kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Uzuri wake ni kwamba uzito uko chini na gari linashika kona vizuri. Ubaya ni kwamba kwenye kona ndefu, oili iliyopanda kwenye kichwa cha upande wa nje inakwama huko, kwa sababu ile nguvu ya kona inaisukuma nje badala ya kuiacha irudi chini. Kwa hiyo sampu inapungukiwa wakati uleule ambao kilichobaki ndani yake kimekimbilia pembeni. Sifa ile inayokufanya ulipende gari kwenye kona ndiyo inayolinyima oili kwenye kona.

Joto, na huku juu tunakoishi

Tatizo la pili ni joto. Ukienda dukani ukaona chupa imeandikwa 5W-30 au 5W-40, ile namba ya kwanza yenye herufi W inakuambia jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ya pili inakuambia uzito wake ikifika joto la injini, digrii 100. Kwenye safari ya kawaida kutoka kazini oili yako itazunguka hapohapo, digrii 90 hadi 110. Kwenye kiwanja, ukiibonyeza bila huruma, inaweza kupita 130. Kadiri inavyozidi kupata joto ndivyo inavyokuwa nyepesi kama maji, na ule utando tuliosema unakonda.

Halafu dashibodi yako inakudanganya kwa upole. Gari nyingi zinakuonyesha joto la maji ya rejeta tu. Mshale umetulia katikati, wewe umetulia, na chini huko oili inachemka. Na ile taa nyekundu ya oili usiitegemee kabisa. Haiwaki kukuonya kwamba mambo yanaanza kuharibika. Huwaka presha ikiwa imeshaanguka karibu na sifuri, na kwenye mizunguko 6,000 huo si wakati wa onyo, ni wakati wa rambirambi.

Kuna jambo ambalo video za Wazungu na Wajapani hazitakuambia, kwa sababu wengi wao wanaendesha karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ile ya Mombasa. Maana yake ni mbili. Kwanza, rejeta inapata hewa kidogo ya kuipoza. Pili, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuipa injini hewa ileile, na ile turbo inalainishwa na kupozwa na oili hiyohiyo. Kwa hiyo ukinakili orodha ya spea kutoka kwa mtu anayeishi kando ya bahari, ujue gari lako linafanya kazi ngumu kuliko lake.

Anza hapa, kwa mpangilio huu

Najua unachowaza. "Manze, hiyo ni pesa ya watu wa Karen." Si kweli, au tuseme si yote. Kazi ya oili ina ngazi, na ngazi za chini ndizo rahisi zaidi na ndizo muhimu zaidi. Watu wanaruka za chini kwa sababu hazina jina.

Ngazi ya kwanza ni kujua hali ya gari ulilo nalo. Badilisha oili na filta kabla ya siku ya kiwanja, na tena baada yake. Ukimwaga ile ya zamani, fundi aikate filta na aikunjue ile karatasi ya ndani aangalie kwa tochi. Vumbi linalong'aa kama pambo la harusi ni beringi inakuaga. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia. Ukiona mojawapo, safari ya Athi River imeahirishwa, na shukuru umejua mapema.

Chunga unanunua wapi. Oili feki ipo, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi haiwezi kusimama kwenye kila kaunta ya mji huu. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti, angalia kifuniko kama kimefunguliwa, na ukishamaliza kumimina toboa ile chupa. Chupa safi yenye kifuniko chake ina soko, na wanaoitafuta hawaitafutii kuwekea maji ya kunywa.

Ngazi ya pili ni geji mbili: moja ya presha ya oili, nyingine ya joto lake. Kabla ya kununua kitu chochote cha kuongeza nguvu, nunua macho. Mafundi wana kanuni yao ya kinywani: injini ikiwa moto, tarajia presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kwenye 3,000 uone kama 30, kwenye 6,000 uone kama 60. Si sheria ya Musa, lakini ni mahali pa kuanzia. Ukiona mshale wa presha unadondoka katikati ya kona halafu unarudi, hiyo ndiyo hewa tuliyoongelea. Ondoa mguu, rudi polepole, usijaribu tena ili uhakikishe.

Ngazi ya tatu ni sampu na mrija wa kunyonya. Kuna sampu zilizojengwa kuta ndogo na milango midogo ndani, oili iruhusiwe kwenda kwenye mrija na izuiwe kukimbia. Kuna mirija minene iliyochomelewa vizuri, kwa sababu ile ya kiwandani kwenye baadhi ya injini za Subaru za turbo inajulikana kupata ufa. Mrija wenye ufa unanyonya hewa hata sampu ikiwa imejaa pomoni, na hutaona tone moja likivuja nje.

Hapa pia msimamie fundi kwenye jambo moja dogo: silikoni. Sampu ikirudishwa na silikoni nyingi, ile inayofinywa kwenda ndani inakauka, inamenyeka, inaogelea hadi kwenye chujio la mrija na kuliziba. Injini inakufa kwa sababu ya gundi. Kamba nyembamba ya silikoni inatosha, na uso wa chuma usafishwe hadi ung'ae. Fundi mzuri hatakasirika ukiomba kuona. Atakuonyesha kwa fahari.

Ngazi ya nne ni rejeta ndogo ya oili, ile inayofungwa mbele ipate upepo. Hakikisha ina themostati. Asubuhi za Julai hapa kwetu ni baridi, na oili isiyopata joto ni nzito, haifiki haraka inakotakiwa. Themostati inaizuia kupita kwenye rejeta hadi ipate moto wa kutosha. Na paipu zake ziwe zile za kazi hiyo. Paipu ya oili ikipasuka kiwanjani, hujaua injini yako pekee. Umemwagia oili lami ambayo mwenzako anaijia kwa spidi nyuma yako.

Ngazi ya tano ni kopo la kukamata mvuke wa oili. Injini ya turbo ikisukumwa sana inapumua mvuke wenye oili, na bila kopo mvuke huo unarudi kwenye injini na kuchomwa pamoja na petroli, jambo ambalo linaharibu uchomaji. Pampu kubwa zaidi inakuja baada ya hapo, na si dawa ya kila kitu. Ukiwa na pampu kubwa na mrija unaonyonya hewa, umenunua mashine ya kusukuma hewa haraka zaidi.

Juu kabisa kuna tangi la akiba linalotema oili presha ikianguka, na kuna sampu kavu, ambapo oili haikai chini ya injini bali kwenye tangi lake pembeni. Hizo ni za watu wanaoshindana kwa dhati. Kama unaenda kiwanjani mara mbili kwa mwaka na tairi zako za kawaida, raundi tatu za kasi halafu moja ya kupoza, ngazi mbili za kwanza zinaweza kukutosha. Panda ngazi kadiri tairi zako zinavyoshika zaidi na raundi zako zinavyokuwa nyingi. Hiyo ndiyo hesabu ya uaminifu, na hakuna muuzaji wa spea atakupa.

Sasa tumwongelee fundi

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Hii kazi yote niliyoeleza inafanywa na vijana wa rika lako. Wengi wanatoka Reuben, Kwa Njenga na Viwandani, wanavuka reli asubuhi, wanaingia gereji za Industrial Area, wanashika injini zenye thamani kuliko nyumba nzima wanazolala. Anakuambia, "Boss, tuangalie sampu kwanza." Unamjibu, "Hiyo baadaye, niwekee turbo." Anaweka, kwa sababu ana kodi ya nyumba. Mwezi mmoja baadaye injini inanoki. Wewe unaandika kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili kwamba fundi fulani ni bure kabisa, na jina lake unalitaja.

Hicho kitu hakiko sawa. Wewe umepoteza injini. Yeye amepoteza jina, na kwa mtu asiye na cheti wala duka, jina ndilo duka. Injini nyingine unaweza kuitafuta. Jina lililochafuliwa kwenye grupu la wateja wake wote atalitafuta wapi?

Kwa hivyo tukubaliane hivi. Wewe mwenye gari: fundi akikushauri na ukikataa, kubali kwa maandishi. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, "Nimeambiwa kuhusu mrija wa oili, nimeamua kuendelea bila." Haikuchukui dakika. Na ukimlipa, lipia pia macho yake, si spana tu. Yule anayekuambia usiende kiwanjani leo amekuokolea pesa nyingi kuliko yule aliyekufungia kitu kinachong'aa.

Nawe fundi unayesoma hii wakati wa chai: andika. Weka daftari au picha za kila beringi uliyotoa, kila presha uliyopima, kila ushauri uliokataliwa. Siku ukilaumiwa, daftari litaongea. Na ule mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia Gredi III kwenda juu hadi Gredi I, usiuone ni wa watu waliosoma sana. Makao makuu ya NITA yako Commercial Street, hapohapo Industrial Area. Unapita karibu nayo ukienda kazini. Mimi ambaye sikumaliza chuo nakuambia: usidharau karatasi inayothibitisha kile ambacho mikono yako tayari inajua. Kuna tofauti kati ya kuacha darasa na kukubali kubaki bila uthibitisho. Mwenye gari atakusikiliza kwa sauti tofauti, na hutalazimika kuwa mpole kwa mtu anayekosea.

Na ile oili chafu inaenda wapi?

Swali la mwisho, na hili linatuhusu sisi wa Reuben kuliko mtu yeyote. Nimekuambia ubadilishe oili kabla na baada ya kiwanja. Hizo ni servisi mbili, kila moja ikiacha lita nne na zaidi za oili nyeusi yenye chembechembe za chuma. Inaenda wapi?

Ikimwagwa kwenye mtaro wa Industrial Area, inaingia Ngong River, mto unaopita katikati ya Mukuru. Kutoka hapa unaungana na Nairobi River, unaingia Athi, na maji hayo yanaendelea kama Galana na Sabaki hadi bahari ya Hindi karibu na Malindi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likisema kwa miaka kwamba oili chafu ya servisi moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Na sisi hatuhitaji shirika kutuambia. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipoingiza mto ndani ya nyumba zetu, kila kilichomwagwa mtaroni kiliingia nao, kwenye magodoro na sufuria.

Kwa hiyo kabla ya kuacha gari gereji, uliza: "Fundi, ile oili ya zamani mnaipeleka wapi?" Gereji yenye nidhamu ina pipa la kuikusanyia na mtu mwenye kibali anayekuja kuichukua. Kama hakuna jibu, omba iwekwe kwenye mtungi na uibebe mwenyewe hadi mahali inapopokelewa. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inamtaka anayezalisha taka awajibike nazo. Lakini hata bila sheria, hili ni suala la heshima. Huwezi kufurahia gari lako Athi River Jumapili kisha Jumatatu uchafu wake ukaamkia kwa mtoto wa watu anayecheza kando ya mto.

Peleka kiwanjani, si Southern Bypass

Mwishowe, kuna wale wanaosema kiwanja ni gharama, barabara ni bure. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Sasa kumbuka ni nani yuko barabarani alfajiri upande huu wa mji: maelfu ya wafanyakazi wanaotembea kwa miguu kwenda viwandani, wanavuka Enterprise Road na Lunga Lunga gizani ili kuokoa nauli. Wao ndio watakaolipa ile mbio ya bure. Kiwanjani kuna watu wa kukagua gari lako, kuna bendera, kuna ambulensi, na anayekosea anajiumiza mwenyewe mara nyingi kuliko kumuumiza mama aliyekuwa anawahi zamu.

Hivyo panga bajeti upya kabla ya mwisho wa mwezi. Weka oili halali juu ya orodha, geji mbili chini yake, ukaguzi wa sampu na mrija wa tatu. Mpigie fundi wako, mwambie hii mara utamsikiliza, na umuulize pipa la oili chafu liko wapi. Eksozi iache pale dukani. Itakungoja, na ukirudi kuinunua utakuwa bado na injini ya kuifunga.